MTOTO HUYU ANALALA KWA NANI?

Somo la vikundi vya nyumbani na Umoja wa Mama

Tusome kwanza: 1 Samweli 1:20 hadi 3:10; Kutoka 2:1–10; Esta 2:5–11; 1 Wafalme 3:16–28; 2 Timotheo 1:5.



Kila mtoto mchanga anapoletwa kubatizwa, tunaandika katika daftari jina lake, jina la baba, jina la mama, na majina ya wadhamini wake. Hatuandiki mahali anapolala. Miaka mitatu au minne inapita, nasi twamtafuta mtoto yule katika Shule ya Jumapili, hatumwoni. Tukiuliza, twajibiwa: "Yuko kwa bibi yake, Kasulu." Au: "Baba yake alimchukua." Au: "Mama yake alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, mtoto yuko kwa shangazi, Uvinza." Anayejibu hujibu upesi na kugeukia habari nyingine. Nasi tumezoea kusema, "Haya, vizuri," kisha tukapita.

Somo la mwezi huu latuomba tusipite. Yatupasa kuuliza: mtoto huyu analala kwa nani? Na akishtuka usiku, anamkimbilia nani?

1. Jambo hili si geni kwetu

Tusidhani kwamba kumweka mtoto kwa ndugu ni dhambi, au kwamba ni jambo la siku hizi tu. Wazee wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa Kiha alikuwa mtoto wa ukoo mzima. Bibi alimfunza, shangazi alimwonya, na mjomba alikuwa na neno juu yake.

Tena historia ya mkoa wetu imewatenga wazazi na watoto mara nyingi. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilifungua njia ya kwenda mbali. Wakati wa ukoloni maelfu ya wanaume wa Buha waliandikwa manamba, wakasafirishwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Wengine walirudi baada ya mkataba mmoja, wengine baada ya miaka mingi, na wengine hawakurudi kabisa. Nyumbani walibaki mama, bibi na watoto. Wako wazee kati yetu waliokua wakimjua baba kwa habari zake tu.

Halafu tumepokea wageni wenye majonzi. Mwaka 1972 na mwaka 1993 watu wa Burundi walikimbilia kwetu, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya ndugu waliotoka Kongo. Mwezi wa Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu kutoka Burundi walirundikana katika ufuko wa Kagunga, mahali penye milima nyuma na maji mbele, na kipindupindu kikawapata. Meli yetu ya zamani, Liemba, iliwachukua kwa mafungu hadi Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Wengi wao walipata kulala kwa sababu familia nyingine, nayo ikiwa maskini vilevile, iliwapa nafasi kwenye mkeka wake.

Na sasa, katika siku za amani, kazi zetu zenyewe zinatutenga. Dagaa na migebuka hufuatwa. Kijana huhama na wenzake kutoka Kibirizi kwenda kambi za mbali kusini, na mkewe humfuata ili aanike dagaa mchangani. Mtoto mdogo hubaki kwa bibi. Mwingine huenda Dar es Salaam kwa gari moshi, akiahidi kurudi baada ya miezi mitatu.

Uchunguzi wa afya na idadi ya watu unaofanywa nchini mwetu kila baada ya miaka kadhaa umeonyesha mara kwa mara kwamba zaidi ya nusu ya watoto hukaa na wazazi wote wawili. Wengi wanaofuata hukaa na mama peke yake. Lakini zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi hakai na baba wala mama, na wengi wa watoto hao si yatima: wana mzazi aliye hai mahali fulani. Basi tunaposema habari hii tunasema habari za madawati yetu ya kanisani.

2. Maandiko yanavyotufundisha

Tutazame nyumba nne katika Biblia.

Ya kwanza ni nyumba ya Hana. Yeye alikuwa ameweka nadhiri kumtoa mtoto wake, lakini hakumtoa siku aliyozaliwa. Elkana alipopanda kwenda Shilo, Hana alikataa kwenda mpaka mtoto aachishwe maziwa, na mumewe alikubali. Hapa pana somo kwa akina baba: Elkana hakumharakisha mkewe. Hata baada ya kumwacha Samweli kwa Eli, Hana hakumsahau. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Tufikirini jambo hilo. Mtoto hukua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Hana hakuwa na budi kukumbuka kimo cha mwanawe.

Lakini Biblia haifichi ubaya wa nyumba ile. Wana wa Eli walikuwa watu waovu, na Eli alikuwa mzee ambaye macho yake yalififia. Kumbe hata nyumba ya kuhani yahitaji kuchunguzwa! Lililomfaa Samweli ni kwamba aliposikia sauti usiku, alikuwa na mtu wa kumkimbilia. Alikimbia mara tatu, akamwamsha mzee mara tatu, na Eli hakumpiga wala kumfukuza. Alimsikiliza, hata akatambua kwamba ni Bwana amwitaye. Mtoto aliyezoea kupigwa kwa kuamsha watu usiku angenyamaza mara ya kwanza.

Nyumba ya pili ni ya binti Farao. Musa alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe, tena kwa mshahara, hata akakua. Na kabla ya hapo dada yake alisimama mbali, akitazama yatakayompata. Mtoto yule alitolewa katika nyumba yao, lakini hakuachwa bila jicho la ndugu.

Ya tatu ni nyumba ya Mordekai. Esta alikuwa yatima, na Mordekai binamu yake alimlea kama binti. Alipochukuliwa kwenda nyumba ya mfalme, Mordekai alipita kila siku mbele ya ua ili kujua hali yake. Hakusema, "Amepata pa kula, basi yangu yamekwisha."

Ya nne ni nyumba ya Loisi, bibi yake Timotheo. Mtume Paulo anakumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi huyo, kisha katika Eunike mama yake. Ninyi bibi mnaolea wajukuu katika Ujiji na vijiji vyote vya ziwa, jueni kwamba jina la mwenzenu limeandikwa katika Maandiko. Kazi yenu si kazi ya kusaidia tu.

3. Mtoto aliyenyamaza

Mara nyingi tumesikia bibi akisema: "Siku za kwanza alilia sana, lakini sasa amezoea, ametulia." Maneno hayo yatupasa kuyapima.

Mwaka 1951 daktari mmoja Mwingereza, John Bowlby, aliandika taarifa kwa Shirika la Afya Duniani juu ya watoto waliotengwa na mama zao. Mwenzake, James Robertson, alikaa siku nyingi hospitalini akiwatazama watoto wadogo walioachwa humo peke yao, maana siku zile hospitali za Uingereza ziliwazuia wazazi wasikae na watoto wao. Waliona kwamba mtoto hupita katika hali tatu. Kwanza hulia na kumtafuta mama yake kwa nguvu. Kisha hunyong'onyea, hutulia, hali vizuri wala hachezi. Mwisho huonekana mchangamfu tena, lakini mama anapokuja, mtoto humgeuzia uso kama mgeni. Wauguzi walidhani kwamba hali ya pili na ya tatu ni kuzoea. Kumbe mtoto alikuwa amekata tamaa. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini.

Mabwana hawa hawakusema kwamba ni mama mzazi peke yake awezaye kulea. Walisema kwamba mtoto mdogo ahitaji mtu mmoja anayedumu, awe mama au mwingine aliyeshika nafasi ya mama kwa upendo. Bibi aweza kuwa mtu huyo. Baba aweza. Linalomwumiza mtoto ni kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono: mwaka huu kwa bibi, mwaka kesho kwa shangazi, mwaka wa tatu kwa mke mpya wa baba.

Kwa hiyo tukiwaza kujenga kituo cha kulelea watoto, tufikiri mara mbili. Huko Romania, wataalamu walilinganisha watoto wadogo waliobaki katika vituo na wengine waliohamishiwa katika familia za malezi. Waliopelekwa katika familia waliendelea vizuri zaidi kwa akili na kwa moyo, hasa waliohamishwa kabla ya kufika miaka miwili. Fedha ya kujengea ukuta yaweza kumsaidia shangazi mmoja mwenye moyo kununua chandarua, maziwa na madaftari.

4. Wazazi wanapoachana

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa. Desturi ya wengi wetu, tunaofuata ukoo wa baba, husema kwamba mtoto ni wa baba. Kwa hiyo baba aliyekasirika hutuma vijana wamchukue mtoto kwa mama yake, hata mtoto wa miaka miwili, kisha humpeleka kwa mama yake mzee na yeye mwenyewe kurudi ziwani. Mtoto amekuwa fimbo ya kumpigia mkewe.

Tujue sheria ya nchi inavyosema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, yasema kwamba jambo la kwanza la kutazamwa ni ustawi wa mtoto. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama aweza kuyasema, na mila za jamii yake. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huhesabiwa kwamba ni heri akae na mama yake, isipokuwa kuna sababu ya kuonyesha vinginevyo. Tena mahakama haina budi kufikiri madhara ya kumhamisha-hamisha. Sheria hiyohiyo yamtaka baba amtunze mtoto wake hata kama mtoto anakaa kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na yasema kwamba ni vema ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Majirani zetu Waislamu wa Ujiji nao wana mafundisho kwamba malezi ya mtoto mdogo ni ya mama kwanza, na baada yake bibi mzaa mama.

Basi mila haikufutwa, lakini imewekwa chini ya ustawi wa mtoto. Mtoto akikaa na mama yake hapotezi ukoo. Jina la baba ni lake, na baba anabaki baba.

Tukumbuke hukumu ya Sulemani. Wanawake wawili walidai mtoto mmoja, na mfalme aliomba upanga. Aliyekuwa tayari kumpoteza ili mtoto aishi, huyo ndiye mama. Katika kila ugomvi wa namna hii mtaani mwetu, wazee wa kanisa na waulize: ni nani kati ya hawa wawili anayejali mtoto aishi, na ni nani anayetaka kushinda?

5. Mtoto anayepelekwa mjini "kusoma"

Jambo jingine twalisema kwa uchungu. Ndugu hufika kutoka mjini akiwa amevaa vizuri. Husema: "Nipeni huyu binti, nitamsomesha." Wazazi hushukuru. Miezi inapita, na kumbe binti wa miaka tisa anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anabeba mtoto mgongoni, na shule haijui. Usiku analala jikoni.

Sheria ya Mtoto hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 aajiriwe, na kumwita "ndugu yetu" hakumwondolei mtu hatia. Kusaidia kazi za nyumbani ni malezi mema, wala hatusemi mtoto akae bure. Lakini tutazame: je, watoto wa nyumba ile nao wanachota maji? Je, wote wanakula pamoja? Je, wote wanakwenda shule? Kama mmoja tu ndiye aliyetengwa, huyo amekuwa mtumishi asiye na mshahara.

6. Tufanye nini?

Hatuwezi kuwaambia vijana wetu waache ziwa, wala mama asiye na mume aache kutafuta riziki. Lakini twaweza kufanya hivi:

(a) Mtoto asitengwe na mama yake kabla ya kuacha kunyonya, kama inawezekana kabisa. Wauguzi wa kliniki hutufundisha kwamba miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, na kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Mama wa kambi ya dagaa aliyekwenda na mtoto wake mgongoni amefanya kama Hana.

(b) Kabla ya kumpeleka mtoto kwa mtu, mzazi mmoja aende akalale katika nyumba ile siku mbili tatu pamoja na mtoto. Aone ni nani wanaokaa humo, mtoto atalala na nani, na kama kuna chandarua.

(c) Mtoto asafiri na kadi yake ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Bila hizo, chanjo hurukwa na shule huleta taabu.

(d) Mwambieni mtoto ukweli. Msimtoroke akiwa usingizini. Mtoto aliyetorokwa mara moja huogopa kulala. Mwambieni mnakwenda wapi, mnarudi lini, na mlitimize neno hilo.

(e) Mzazi atume matumizi kila mwezi, hata kama ni kidogo, na aongee na mtoto mwenyewe kwa simu, si na bibi tu. Nanyi wavuvi mna kalenda yenu. Siku za mbalamwezi, taa zenu hazivuti dagaa, nanyi hupumzika. Siku hizo ziwe siku za watoto wenu.

(f) Bibi asiachwe peke yake. Umoja wa Mama uwe na orodha ya bibi wanaolea wajukuu, na kila mmoja atembelewe. Mwanamke wa miaka 70 mwenye wajukuu watano anahitaji kuni na maji kuliko hotuba.

(g) Wadhamini wa ubatizo wakumbuke ahadi yao. Kama mtoto amehamia mtaa mwingine, mdhamini amwandikie mchungaji wa huko.

(h) Mtoto akionekana anateswa, tusinyamaze kwa kuogopa kuvunja undugu. Twende kwa mchungaji, kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na kama ameumizwa, polisi.

Sisi tunaoandika somo hili tumejichunguza pia. Baadhi yetu tulilelewa na bibi, na twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Baadhi yetu tuliwaacha watoto wetu kwa ndugu tulipokuwa masomoni au kazini, na wapo waliotuambia baadaye, wakiwa wakubwa, mambo ambayo hatukuyajua. Hatukuwauliza wakati ule. Tulidhani kwamba kwa kuwa hawakulia, hawakuwa na neno.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba kumi za jirani, ni watoto wangapi wasiokaa na baba wala mama? Mnawajua majina?
2. Hana alipeleka kanzu kila mwaka. Mzazi aliye mbali leo apeleke nini, zaidi ya fedha?
3. Bibi akisema mtoto "amezoea", tutajuaje kama amezoea kweli au amekata tamaa?
4. Baba mmoja ataka kumchukua mtoto wake wa miaka mitatu kwa mama yake. Wazee wa kanisa watamshauri nini, kwa Maandiko na kwa sheria?
5. Ni neno gani moja ambalo kikundi chetu kitalitenda kabla ya mwezi huu kwisha?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyebebwa usiku kwenda Misri mikononi mwa Mariamu na Yusufu, uwatazame watoto wetu wanaolala leo mbali na waliowazaa. Uwape mtu wa kumkimbilia wanapoogopa. Uwatie nguvu bibi na wote wanaolea. Uwarudishe wazazi salama kutoka ziwani na safarini, na uigeuze mioyo yao kwa watoto wao. Nasi utufumbue macho tuwaone wadogo walio karibu nasi. Kwa jina lako takatifu. Amina.